Kombe na kikombe: siku sita Mombasa nikifuata chaza na ini la mwamba

Nimerudi Dodoma wiki mbili sasa na tope la Tudor bado limo kwenye nyuzi za viatu. Haya nimeyakusanya kutoka kijitabu kilicholoa upande mmoja na picha mia mbili na ushee za simu, nyingi zikiwa picha za mawe.

Chanzo ni darasani. Kidato cha tatu, mada ya uainishaji wa viumbe, nami nimechora ubaoni vitu viwili. Kimoja chaza, yule mnyama wa baharini mwenye magamba mawili, makombe. Cha pili ule mmea mdogo bapa wa kwenye miamba yenye majimaji, ambao Wazungu wa kale waliupa jina la ini kwa kuwa umekaa kama pande la ini. Wataalamu huuita Marchantia. Mimi darasani nauita ini la mwamba. Kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono: "Mwalimu, huyu kakaa pale pale maisha yake yote, na huyu kakaa. Huyu hana kichwa, huyu hana mizizi. Sasa tofauti yao ni nini?"

Nikampa jibu la kitabuni: mmoja hula, mwingine hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Akaketi, ila nilimwona hakuridhika. Nami sikuridhika. Miaka tisa nafundisha chaza na sijawahi kumshika hata mmoja, na ini la mwamba nimeliona mara moja tu, chuoni, limekauka ndani ya bahasha. Dodoma hii mvua tunaihesabu kwa vidole, na bahari tunaisikia kwa wenye ndugu huko. Bahati nzuri mimi ni mmoja wao: shangazi yangu kaolewa Mombasa tangu sijazaliwa. Likizo ya mwezi wa sita ilipofika nikafunga begi.

Siku ya kwanza, Alhamisi. Tanga hadi Mji wa Kale

Dodoma hadi Tanga ni kukaa na kusinzia, nairuka. Tanga nililala kwa rafiki, na alfajiri nikapanda basi la Mombasa kwa Sh 20,000 za Tanzania.

Mpakani Horohoro na Lunga Lunga tulichukua saa moja na nusu, si kwa ubaya wa mtu, ila mbele yetu kulikuwa na mabasi mawili na mama mmoja aliyebeba magunia ya vitunguu kuliko alivyokumbuka. Pesa nilibadilisha hapo hapo, shilingi moja ya Kenya kwa karibu 20 za kwetu. Atakayefuata ahesabu mara mbili mbele ya mbadilishaji, na pasipoti aiweke mkononi tangu Tanga, asiisukumie chini ya begi kama mimi, nikaanza kutoa nguo mbele za watu.

Baada ya Msambweni tairi likapasuka. Kondakta akatuambia dakika kumi. Tulikaa saa mbili. Ndipo alipotokea mzee mmoja wa nyumba ya jirani, akatoa mkeka akautandika chini ya mwembe, akarudi na jagi la maji na mafungu mawili ya ndizi. Tulikuwa abiria kama thelathini. Mtu mmoja akamuuliza bei, mzee akacheka: "Msafiri haulizwi bei, na mwenyeji haulizwi pia."

Likoni tulifika magharibi. Abiria wa basi hushuka na kuvuka kwa miguu pamoja na umati, na kwa mwenda kwa miguu feri hailipiwi. Begi weka kifuani, si mgongoni, na usisimame njiani kushangaa meli zinazoingia bandari ya Kilindini, utasukumwa. Mimi nilishangaa, nikasukumwa. Mwezi ulikuwa mpevu, umetoka juu ya maji mwekundu kama sinia la shaba, na kijana mmoja kando yangu akamwambia mwenzake, "Kesho bamvua hiyo." Nikaandika neno hilo kiganjani.

Tuktuk hadi Mji wa Kale, Sh 250 baada ya kuanzia 400. Shangazi alikuwa barazani. "Mwanangu, huko Dodoma wala nini hata umekonda hivi?" Nikalishwa wali wa nazi na samaki wa kupaka mpaka nikaomba msamaha.

Siku ya pili, Ijumaa. Hori la Tudor

Bamvua ni siku za mwezi mpevu na mwezi mwandamo, maji yanapojaa kupita kiasi na kupwa kupita kiasi. Mombasa tofauti ya kujaa na kupwa siku hizo hupita mita 3. Yanayobaki kati ya bamvua na bamvua ni maji mafu, hayaendi mbali. Kwa mtu anayetaka kumwona chaza, ratiba ya safari yote imo humo, kwa hiyo panga tarehe zako kwa mwezi wa angani kwanza, tiketi baadaye. Pwani hii siku za bamvua maji hupwa kabisa saa nne, saa tano za asubuhi, muda mzuri kwa asiyependa kuamka usiku.

Binamu yangu Fadhili alinipeleka hadi ukingo wa hori, ule mkono wa bahari ulio nyuma ya nyumba za Tudor, akanikabidhi kwa mzee mmoja mvuvi mwenye mtumbwi. Kabla ya hapo tulipita kwa mama wa mahamri na mbaazi. Sh 80 kwa wawili, na mbaazi zile bado nazifikiria.

Hori la Tudor huingia nyuma ya kisiwa na kwenda juu hadi Rabai, linapopokea mito ya Kombeni na Tsalu. Pembeni ni mikoko. Mzee alinitajia majina akielekeza kwa kafi: huu mlilana, unaosimama mbele kabisa ukipigwa na maji, huu mkoko wenyewe, wenye mizizi kama miguu ya buibui, ule wa nyuma mchu. Kwenye miguu ya mkoko, kuanzia magotini kwenda chini, ndipo walipo chaza. Wamebanana, wamepandana, kingo zao zimepinda kama meno ya msumeno. Nilitia mkono bila kufikiri nikatoka na damu. "Pole mwalimu," akasema mzee, "hapo hushikwi mkono, wapewa kisu." Atakayefuata avae viatu vya kufunga, si ndala, na abebe glavu za bustani.

Alimgongoa mmoja kwa nondo fupi akanifungulia. Nilitazama kitu nilichokichora ubaoni miaka tisa na nikaona nilikuwa nakichora kinyume. Siku zote nilichora makombe mawili yanayofanana, kama viganja vya mtu anayeomba dua. Hayafanani. La chini limechimbika, limeshika mzizi kama limepigwa saruji. La juu ni bapa. "Chini kikombe, juu kifuniko," mzee akasema, bila kujua kwamba amenimalizia somo zima. La chini huwa ni la kushoto, siku zote. Chaza akiwa mchanga huogelea baharini wiki mbili tatu, mdogo hata humwoni, ana mguu na vidoa viwili vya kuonea mwanga. Hutafuta mahali, hutambaa akipapasa, na akiridhika hutoa gundi na kulaza ubavu wa kushoto. Baada ya hapo mguu unapotea. Vidoa vya macho vinapotea. Kichwa hakuwa nacho tangu mwanzo.

Yaani kukaa kwake ni kwa kuamua. Nikaandika hivyo kijitabuni na kupiga mstari chini.

Maji yakipwa, kama yalivyokuwa saa ile, chaza hubana msuli wake mmoja mnene na kufunga. Ndani amebakiza maji ya bahari, machache, ya kumtosha hadi maji yarudi. Moyo hupunguza mwendo. Mzee aliweka sikio karibu na mzizi akaniita nami nisikilize: tik, tik, tik, vijisauti vya makombe yakirekebisha kifuniko juani. Fadhili alidai hasikii kitu.

Kabla hatujaondoka nilimwomba mzee kipande cha mzizi mkavu uliokatika, chenye chaza kumi na mmoja juu yake, na madumu mawili ya maji ya hori yaliyochafuka. Akaniuliza ni ya kazi gani. Nikasema ni ya mtihani wa shangazi. Mtumbwi kwa muda wa saa tatu nilimlipa Sh 1,200, naye akarudisha mia mbili: "Hiyo ya mwalimu."

Onyo moja, na si la kutisha watu: chaza wa hori la katikati ya mji usiwale, hasa wabichi. Maji taka huingia humo, na vijidudu anavyovichuja chaza hubaki mwilini mwake. Mzee mwenyewe hawali.

Jioni, uani kwa shangazi: mabeseni mawili, maji yale yale ya tope. Moja nikaweka kile kipande cha mzizi, la pili nikaliacha hivi hivi. Shangazi akavuta kigoda. Nusu saa, hakuna kitu. Kisha makombe yakaachana, upana wa ukucha tu, na ukiinamisha taa unaona pindo jeusi likitikisika. Tulipomaliza kula, beseni lisilo na chaza tope lilikuwa limetua kidogo lakini maji bado ya kijani; lenye chaza, tuliona maua yaliyochorwa chini ya beseni. Na pembeni ya kila kombe vijinyuzi vya tope vimelala, vimefungwa kwa ute. Hicho ni kile alichokionja akakikataa.

"Hivi hawa ndio wafuao maji?" akauliza shangazi.

Nikamwambia kuna jamaa zao wa pwani ya mashariki ya Marekani, wakubwa kuliko hawa, ambao mmoja huweza kupitisha hadi lita 190 kwa siku hali ikimkubali. Wetu sikuwapa hesabu hiyo. Shangazi alitikisa kichwa. "Na mimi namlipa mtu wa kuosha tangi."

Siku ya tatu, Jumamosi. Mvua, na kombe la zafarani

Mvua ilianza usiku na haikuacha hadi alasiri. Mpango wa kwenda chini ya ukuta wa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593 juu ya mwamba wa matumbawe, ukafa. Nilikwenda dakika ishirini tu mvua ilipopungua. Kwenye miamba iliyo chini yake chaza wapo pia, wamejipanga mstari pale maji yanapofikia. Niliteleza, nikakaa kitako mbele ya vijana waliokuwa wakivua kwa mshipi, nikarudi nyumbani.

Bora nilirudi, maana nyumbani nilikuta jambo. Jirani alileta mtoto mwenye homa ya mara kwa mara. Hospitali ameshapelekwa, dawa anazo. Ila bibi yake alitaka pia kombe. Mwalimu wa madrasa aliandika aya kwa wino wa zafarani kwenye sahani nyeupe ya udongo, akaisuuza kwa marashi ya waridi, maji yakawa ya manjano, mtoto akanywa. Nami nimekaa pembeni neno limenikwama kichwani. Kombe ni sahani ile. Kombe ni gamba la chaza. Kombe ni lile wanaloshindania wacheza mpira. Na kikombe ni mtoto wake.

Shangazi aliponiuliza kesho naenda kutafuta nini huko kwenye vilima vya Shimba, nikamwambia natafuta mmea wenye vikombe. Nikamsimulia jinsi waganga wa Ulaya zamani walivyoamini kwamba mmea hubeba alama ya dawa yake: wenye umbo la ini basi hutibu ini, wakauchemsha wakawanywesha watu.

"Wakapona?"

"Waliopona walisema ni mmea."

"Na wasiopona hawakusema," akamaliza shangazi, akaenda kugeuza mkate wa sinia.

Jioni Fadhili aliwarudisha chaza hori la Tudor kwa pikipiki, ndoo katikati ya magoti. Alilalamika njia nzima, na picha alipiga tatu.

Siku ya nne, Jumapili. Shimba

Siku hii ndiyo iliyokula pesa na ndiyo iliyolipa.

Feri saa kumi na mbili asubuhi, kisha matatu ya Likoni kwenda Kwale, Sh 150. Huacha barabara kuu ya Ukunda pale Kombani na kuanza kupanda. Unapanda na hewa inabadilika. Nilipofika Kwale mjini nilivaa sweta niliyokuwa nimeibeba kwa aibu. Bodaboda hadi lango la hifadhi Sh 100.

Langoni nilikwama. Ada hulipwa kwa mtandao, taslimu hawapokei, nami laini yangu ni ya Tanzania. Nilisimama kama dakika arobaini nikibonyeza simu. Akashuka mama mmoja kutoka gari la familia, watoto wanne na babu mmoja ndani, akaniuliza shida nini. Akanilipia kwa simu yake, nikampa taslimu, na hapo hapo akasema, "Na ndani wenda na nini? Huko hawaruhusu miguu, kuna ndovu. Ingia." Nikapakatwa na mtoto, au nilimpakata yeye, sikumbuki. Kwa hiyo: nunua laini ya Kenya siku ya kwanza, sajili huduma ya pesa, na kama huna gari tafuta wenzako wa kuchangia tangu Likoni. Nauli ya huruma haipatikani kila Jumapili.

Njiani tulimwona palahala dume, swala mkubwa, mweusi, pembe zimerudi nyuma kama jambia. Kenya nzima wamebaki hapa tu. Watoto walipiga kelele akaondoka bila haraka.

Kwenye maporomoko ya Sheldrick mnateremka kwa miguu kama kilomita mbili, askari wa wanyamapori mbele na bunduki. Maji huanguka mita 21. Babu alibaki juu na redio yake; aliyafahamu mambo, maana kurudi ni mlima mtupu.

Wengine wakaingia majini. Mimi nikaenda ubavuni, penye mwamba mweusi usiopata jua, unaorushiwa manyunyu mchana na usiku. Askari akanifuata akidhani nimepoteza kitu. Nikapiga magoti, na pale, kati ya mimea mingine midogo ya kijani iliyoota kama zulia, lilikuwepo.

Nilitarajia kitu cha kunyenyekea. Ini la mwamba limejitandaza kama ukanda mnene wa kijani, upana wa kidole changu kidogo, unagawanyika mara mbili, kila tawi linagawanyika tena. Juu lina mng'ao wa mafuta. Ukisogeza jicho unaona limegawanywa vijichumba vya pembe pembe kama wavu, na katikati ya kila kijichumba kuna nukta. Nukta hizo ni matundu ya hewa. Na ndizo zilizonifanya nikae chini kabisa kwenye maji, suruali iloe. Majani ya mihogo, ya migomba, ya mahindi, matundu yake yana midomo: kukikauka hufunga. Tundu la mmea huu limejengwa kama pipa lisilo na kifuniko. Halina mlango wa kufunga. Wala ini la mwamba halina mizizi ya kuteka maji chini. Lina vinyweleo tu vya kushikia mwamba. Maji yakiondoka, halina pa kuyaficha.

Chaza ana kifuniko. Hii ndiyo tofauti ambayo sikuwahi kuisema darasani. Chaza maji humkimbia mara mbili kwa siku, akajifunza kufunga. Ini la mwamba lilipanda nchi kavu bila mlango, likasuluhisha kwa kukaa mahali ambapo maji hayaondoki.

Halafu vikombe. Juu ya ukanda, mstari wa katikati, vimesimama vikombe vya kijani vyenye kingo za kimeno meno, kipenyo kama punje ya mtama, na ndani yake mbegu mbegu bapa zimepangwa. Si mbegu, ni vipande vya mmea wenyewe; kila kimoja ni mmea kamili unaosubiri. Kinachosubiriwa ni tone. Nilitoboa kizibo cha chupa yangu kwa pini, nikainua juu ya kikombe kimoja, nikadondosha. La kwanza lilikosa. La pili likaingia katikati, na vipande vikaruka, vitatu vikatua kwenye kiganja changu, kimoja kwenye kiatu cha askari, karibu nusu mita kutoka pale. Askari akainama. "Rudia," akasema. Nikarudia mara sita. Tukaishia kumwagilia mwamba unaonyeshewa saa zote.

Kipande kile kikitua hakina juu wala chini. Upande utakaoangalia mwanga ndio utakaokuwa mgongo, wa chini utaota vinyweleo. Chaza mchanga huchagua mahali kisha hulala kwa kushoto, kila mara kushoto. Hiki hurushwa na tone popote, na ubavu huamuliwa baada ya kuanguka.

Mbele kidogo niliona miavuli yake. Mimea dume na jike ni mbalimbali: dume ana kijisahani juu ya kikonyo, jike ana mwavuli uliochanika nguo ukabaki njiti. Mbegu za kiume zina mikia miwili na lazima ziogelee, kwa hiyo pasipo utando wa maji hakuna harusi. Kwa hili chaza na ini la mwamba ni ndugu kabisa: wote wawili humwachia maji kazi ya mshenga. Ila chaza ana ziada yake, wengi wao huanza maisha wakiwa madume na baadaye huwa majike.

Sikuchuma. Hifadhini hairuhusiwi kuchukua hata jani, na mpakani mmea usio na cheti cha afya haupiti. Nilipiga picha 94. Mama aliyenibeba alikuja kunitazama nikiwa nimelowa hadi kiunoni, akawaambia wanawe: "Huyu ni mwalimu. Mwaona mwisho wa kusoma."

Kwenye njia ya kurudi askari aliniambia chemchemi za Marere, ndani ya vilima hivi hivi, hupeleka maji ya bomba Mombasa. Nilipofika kwa shangazi nilifungua bomba nikalitazama kidogo kabla ya kunawa.

Siku ya tano, Jumatatu. Gazi

Nilikuwa sijala chaza, na kurudi Dodoma bila kumla ingekuwa uzembe. Fadhili alisema twende Gazi, kama kilomita 50 kusini, maji yake ni safi. Matatu mbili, jumla Sh 250 kwa mtu.

Gazi kuna ujia wa mbao unaopita juu ya mikoko, wa akina mama wa kijiji; kiingilio hulipwa kwenye ofisi yao. Ndiko pia kwenye mradi wa Mikoko Pamoja, ambao tangu 2013 kijiji hulinda hekta 117 za mikoko na kuuza hewa ukaa inayohifadhiwa humo. Fedha huingia kwenye maji na shule. Mama aliyetutembeza alikuwa na maneno makali kwa wakata miti na matamu kwa kila mti. Nilipomwuliza chaza, akamwita mkwewe.

Waliletwa wakiwa wamechemshwa hadi wakafunguka, kisha wakatiwa tui, pilipili, ndimu na kitunguu. Wali pembeni. Sh 600 kwa wawili. Ladha? Kama bahari imepikwa na mtu anayekupenda. Fadhili, aliyeapa hawezi, alikula kumi na nne. Tulipomaliza nililipanga kombe moja tupu juu ya mkeka, upande wa kikombe juu, nikalipiga picha nzuri kuliko zote za safari hii, mwanga wa alasiri umeingia ndani likawaka kama kaure za shangazi.

Matatu ya mwisho ya uhakika kutoka barabara kuu usiisubiri giza liingie. Sisi tulisubiri. Tulirudi nyuma ya gari la mikaa, tumesimama, weusi hadi kope.

Siku ya sita, Jumanne. Kurudi

Shangazi alinifungia mahamri, achari ya maembe na mabuyu. Mpakani ofisa alifungua begi akauliza kama nina mimea, magamba ya baharini, wanyama. Nikasema sina, nina mabuyu. Akaomba mawili.

Matumizi yote, ukiacha nauli ya Dodoma na Tanga, yalikuwa kama Sh 9,000 za Kenya, nusu yake siku ya Shimba. Kulala kwa shangazi hakuna bei.

Jumatatu shule ilipofunguliwa nilibandika picha mbili ubaoni, moja kando ya nyingine: kikombe cha ini la mwamba kimejaa vipande vyake, na kombe la Gazi juu ya mkeka. Nikaeleza habari ya kifuniko, ya tundu lisilo na mlango, ya tone na ya bamvua. Kipindi kizima, kengele ikalia nikaendelea. Yule kijana wa dawati la nyuma akanyoosha mkono.

"Mwalimu, mbona kikombe cha mmea kimejaa na cha chaza kitupu?"

Nikamwambia huyo tulimla.